Unataka kuacha kazi ukasomee unesi? Soma hii kwanza

Kila mwaka dirisha la udahili likikaribia lazima nipate watu wa kuniuliza hili swali, wengi ni walimu wenzangu wa zamani, wengine wako benki, wengine wana maduka yao, na wote wanauliza kitu kimoja, hivi naweza nikaacha hii kazi nikaenda kusomea unesi au ndo umri umeshanitupa mkono? Nimeona bora niandike mara moja kwa kirefu. Mi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, shule ya binafsi hapa hapa Mwanza, nafundisha Kiswahili na maarifa ya jamii, nimeolewa, nina watoto wawili, nikaacha nikaanza diploma ya uuguzi na ukunga nikiwa na thelathini na kitu. Nilimaliza, leseni ninayo na kazi nafanya. Na jibu langu kwa hilo swali la umri huwa ni hili, kichwa kinafunguka tu. Ukikaa na daftari usiku, ukarudia, na kesho ukarudia tena, kinafunguka, hata cha mtu wa miaka 40. Watu wazima niliowaona wakiishia njiani pale chuoni mitihani walikuwa wanafaulu, kilichowatoa ni mambo ya nyumbani, yaani hela na muda, na hayo mawili hakuna mtu anayekaa na wewe kukueleza siku unachukua fomu.

Ila kabla ya nyumbani kuna cheti cha form four, na hapa ndo wengi wanakwama hata hawajaanza. Kwa diploma ya uuguzi na ukunga NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, wanataka angalau D nne kwenye masomo yasiyo ya dini, na ndani ya hizo nne lazima iwepo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza ukiwa nazo ni nyongeza nzuri. Sasa sisi watu wa arts tulifika form three tukaambiwa chagueni, tukaziacha Fizikia na Kemia kwa furaha kabisa, nani alijua. Baiolojia ilibaki kwa sababu ni ya lazima kwa wote. Kwa hiyo mtu ana diploma ya ualimu, ana uzoefu wa kazi, anaheshimika mtaani kwake, halafu mlango wa unesi umefungwa kwa sababu ya masomo mawili aliyoyaacha akiwa mtoto. Njia ni moja tu, kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilijiandikisha mwanzoni mwa mwaka, nikatafuta kituo cha jioni pale Mabatini, natoka kufundisha watoto wa darasa la tano naenda kukaa kwenye benchi na vijana wanaorudia mtihani, tunabalansi ikwesheni. Moli, valensi, mshikamano wa atomu, vitu ambavyo sikuwahi kuvigusa. Mtihani wa NECTA, Baraza la Mitihani, ni Novemba, matokeo yanatoka Januari, udahili unafunguliwa katikati ya mwaka na masomo yanaanza kama Septemba au Oktoba. Piga hesabu hapo, toka siku ulipoamua mpaka unakaa darasa la uuguzi karibu miaka miwili imeshaondoka, na kozi yenyewe bado ni miaka mitatu, kila mwaka na ngazi yake, NTA level 4, 5 na 6.

Nawaambia wapige hesabu kwa sababu kuna namba nyingine ambayo watu wanaigundua wamechelewa. Matangazo ya kazi za serikali, ukiingia kwenye Ajira Portal, huwa yanaandika wazi kwamba mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa wale ambao tayari wako kazini serikalini. Kwa hiyo mtu wa miaka 41 ambaye bado hana Kemia, akianza safari leo, anamaliza dirisha la serikali likiwa limeshafungwa. Simkatishi tamaa, hospitali za binafsi na za mashirika ya dini zipo na zinaajiri, lakini aamue akiwa anajua, asije akaambiwa na mtu wa dirishani siku anapeleka vyeti.

Haya, nyumbani sasa.

Ada mtaiona, mwongozo wa udahili unaonyesha kila chuo na ada yake, vya serikali na vya binafsi, kwa hiyo hiyo utaipanga. Zinazoumiza ni zile ndogo ndogo zinazokuja bila kupiga hodi. Sare za darasani na sare za wodini, viatu vya kufunika, stetoskopu, mashine ya presha, bima, michango ya mtihani, nauli na chumba cha kupanga mkipelekwa fildi wilaya nyingine. Hata saa ya mkononi, lazima iwe na mshale wa sekunde, simu huruhusiwi kuitoa mbele ya mgonjwa. Na wakati hayo yote yanatoka mshahara umekata. Mshahara wangu ulikuwa mdogo lakini ulikuwa unakuja kila mwisho wa mwezi, na nyumba ilikuwa imeshazoea kuwa na mishahara miwili, kwa hiyo ulipokata sote tulihisi, mpaka watoto, maana shuleni walikokuwa wanasoma kwa punguzo la mtoto wa mwalimu punguzo nalo liliondoka siku ile ile nilipoacha kazi. Hilo la punguzo walimu wengi hawalihesabu. Lihesabuni.

Na kufanya kazi huku unasoma, ambalo kila mtu ananiuliza, jibu ni gumu kuliko wanavyotaka kulisikia. Kozi nyingine mtu anasoma jioni, anakopi notsi za mwenzake, maisha yanaenda. Diploma ya uuguzi kwa anayeanza ni ya kutwa nzima, na wodi hukopi. Unatakiwa uwe umesimama pale saa moja na nusu asubuhi kwenye ripoti, uwe umefanya kile kitendo kwa mikono yako mbele ya mtu mwenye leseni, na yeye asaini kwenye kitabu chako. Kitabu kikiwa na mapengo mtihani hukai. Halafu kuna shifti za usiku, unatoka asubuhi macho mekundu, unafika nyumbani mtoto anatafuta soksi. Tuisheni nilikuwa nafundisha jumamosi kwa watoto wa jirani pale Buhongwa, ile ilikuwa hela ya mboga na vocha, na wiki za shifti hata hiyo ilikufa.

Kilichoniokoa mimi ni mdogo wangu. Alikuja kukaa na sisi toka mwaka wa kwanza, akalea watoto, na mume wangu akakubali kwa mdomo wake mbele ya wazazi wa pande zote mbili kwamba miaka mitatu hii nyumba itabanwa. Nasisitiza mbele ya wazazi. Kwa sababu mwaka wa pili ukifika, watu wamechoka, mkwe ameanza kuuliza huyu mama wa watoto anasoma nini kisichoisha, mnahitaji kuwa na kitu mlichokubaliana watu wazima wakisikia. Darasani kwetu alikuwepo kaka mmoja aliyeacha duka la spea akamwachia shemeji yake, alikuwa anaongoza darasa kwenye anatomi, anaweza kukutajia mifupa ya mkono usiku wa manane, na mwaka wa pili akaondoka kwa sababu duka lilikufa na watoto walirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Hajawahi kushika sapu, yaani mtihani wa marudio, hata moja yule. Mpaka leo nikikumbuka inaniuma, angekuwa nesi mzuri sana.

Jambo la pili ni gumu kidogo kulieleza kwa mtu ambaye hajalipitia. Shuleni nilikuwa madam. Wazazi wananisubiri getini, watoto wananibebea madaftari, nikisema kitu kinasikilizwa. Wodini nikawa "we mwanafunzi". Jina huna. We mwanafunzi lete glavu, we mwanafunzi peleka hii maabara, we mwanafunzi nani kakwambia ukae. Na anayekutuma mara nyingi ni mdogo wako, wa kumzidi miaka hata kumi. Kuna mambo madogo hayana kanuni, mfano salamu. Wenzangu darasani, watoto waliozaliwa 2003, 2004, walikuwa wananipa shikamoo wote na mimi naitikia marahaba, hilo halina shida. Sasa inchaji, yaani msimamizi wa wodi, ni binti mdogo, kwa umri yeye ndo wa kunisalimia, kwa cheo mimi ndo wa kumsalimia, shikamoo hawezi kunipa mbele ya wanafunzi wengine na mimi siwezi kumpa, basi tulibaki "habari za asubuhi sista" kila siku, na wote wawili tunaangalia chini kidogo. Yule alikuwa mtu mwema. Mwingine, kwenye hospitali nyingine, alinifokea katikati ya wodi mbele ya wagonjwa na ndugu zao kwa sababu nilichelewa kumletea chati, na aliendelea kufoka hata nilipokwisha kuileta.

Hapo nina msimamo na sitaubadilisha. Wodi lazima iwe na ngazi, mtu mmoja atoe amri na wengine watii, kwa sababu dawa ikikosewa anayeumia ni mgonjwa, hilo nalikubali kwa moyo wote na mtu mzima anayeingia unesi akiwa hawezi kutumwa na mdogo wake bora abaki alipo. Lakini kumdhalilisha mwanafunzi hakumfundishi chochote. Nimefundisha watoto miaka mingi, najua mtoto aliyefokewa anajifunza kuficha, na nesi anayeficha kwamba hajui ni hatari. Mwanafunzi akiogopa kuuliza "hii dozi ni sahihi?" kuna siku hatauliza. Manesi wenzangu mnaosoma hapa na mnapokea wanafunzi, tafadhali sana.

Masomo yenyewe. Anatomi na fiziolojia mwaka wa kwanza ni mengi, ni mengi kweli kweli, na yote kwa Kiingereza, halafu ukitoka hapo mgonjwa unamweleza kwa Kiswahili. Nilichokuwa nafanya ni kufundisha. Nikishasoma figo, namkalisha mdogo wangu kwenye kochi namfundisha figo kwa Kiswahili mpaka aelewe, na pale niliposhindwa kumweleza ndo nilijua hapo sijasoma. Watu wa arts wenzangu mnaogopa hesabu za dawa, nawaelewa, ila ziangalieni kwa karibu mtaona ni hesabu za darasa la sita. Mgonjwa ameandikiwa dripu ya lita moja iishe kwa masaa 8. Lita moja ni ml 1000. Seti ya dripu imeandikwa kwenye pakiti yake matone 20 kwa ml moja, kwa hiyo jumla una matone 20,000. Masaa 8 ni dakika 480. Gawanya, unapata 41 na kitu, unasema 42 kwa dakika. Halafu unasimama pale, jicho moja kwenye chemba ya dripu jingine kwenye mshale wa sekunde, unafungua na kubana ile koki taratibu mpaka yanadondoka kama 10 au 11 kila robo dakika. Ukimaliza unaandika muda ulioanza. Ndo hivyo tu, na mara ya kwanza ukiona imekaa sawa sawa unajisikia umekua.

Au kuhesabu pumzi. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika, ila ukimwambia mgonjwa nakuhesabu pumzi anabadilisha hapo hapo, anaanza kupumua kama anapigwa picha. Kwa hiyo unamshika mkono kama unahesabu mapigo, ukimaliza mapigo huachii mkono, unaangalia kifua chake kimya kimya kinavyopanda na kushuka dakika nzima. Nilifundishwa hilo na nesi mmoja mama wa makamo, aliyebakiza muda mfupi kustaafu, na yule hakuwahi kupandisha sauti.

Leba ndo nilipojua sitarudi shuleni. Unamsikiliza mtoto tumboni kila nusu saa, mapigo yake yanatakiwa yawe kati ya 110 na 160, unaweka mkono juu ya tumbo la mama unahesabu uchungu umekuja mara ngapi ndani ya dakika 10, unajaza kwenye chati, na kumbe ile chati ndo inayokwambia huyu mama yuko salama au tumwite daktari sasa hivi. Mtoto akitoka unampa alama za Apgar, dakika ya 1 na dakika ya 5, vitu vitano, rangi, mapigo ya moyo, anavyoitikia ukimgusa, misuli na pumzi, kila kimoja 0 mpaka 2, jumla 10. Mimi nimesahihisha madaftari maisha yangu yote, hii ilinikaa kichwani siku ile ile. Na niliposoma habari za aliyeibuni nilifurahi mno, Virginia Apgar, daktari wa Marekani aliyezaliwa 1909, alianza na upasuaji akahamia kwenye dawa za usingizi, akabuni hizi alama 1952, na mwaka 1959 akiwa na miaka kama 50 alimaliza shahada nyingine Johns Hopkins, ya afya ya jamii. Miaka 50 yuko darasani! Nilimwandika nyuma ya daftari langu la ukunga.

Sitaki pia kuficha upande mwingine. Vijana wenzangu walikuwa wanaogopa damu, mimi damu haikunisumbua, kilichonipata ni wodi ya watoto. Ukishazaa huwezi kumwangalia mtoto wa miaka minne aliyeishiwa damu kwa malaria kama vile hujazaa. Alifariki mmoja alfajiri nikiwa kwenye shifti, umri wa wangu wa mwisho kabisa, na mama yake hakulia, alikuwa anakunja kanga, anaikunja anaikunjua. Nilimsaidia sista kuandaa mwili, tukafanya kila kitu kwa utaratibu wake, kisha nikaenda nyumbani nikakuta wangu wamelala na nikakaa pale mlangoni. Walimu wa chuo wanafundisha namna ya kuandaa mwili. Namna ya kurudi nyumbani baada ya hapo hawafundishi, na kwa mtu mwenye watoto naona lilitakiwa liwe somo kabisa, au basi awepo mtu wa kuongea naye asubuhi hiyo kabla hujapanda daladala.

Kuna kitu kingine nataka watu wazima wakijue kwa sababu nacho hakisemwi, ile kazi ya zamani huiachi getini. Tulipelekwa wodi ya wanawake, akaletwa bibi kutoka Magu, mguu umevimba, kisukari hakijulikani kinacheza wapi, haongei Kiswahili zaidi ya ndio na hapana, na kila akiulizwa anasema ndio. Umekunywa dawa? Ndio. Hujanywa? Ndio. Mimi nilianza ualimu Misungwi, Kisukuma nilikipatia huko kwa wazazi wa watoto. Nikamkaribia nikamwambia mwangaluka mayu, yaani habari za asubuhi mama. Alinigeukia akanishika mkono na akaanza kueleza yote, kumbe dawa aligawana na dada yake kwa sababu dada naye anaumwa sukari. Hakuna mashine ingeyatoa hayo. Siku ya kutoka nilimfundisha yeye na mjukuu wake kuhusu chakula na kuangalia miguu kila jioni, nikawa namuuliza maswali kama darasani, rudia tulichosema, na inchaji aliyekuwa anapita akasimama kusikiliza hadi mwisho. Tokea pale elimu ya afya kwenye ile wodi ilikuwa naitwa mimi. Mwenzangu aliyetoka benki, yeye stoo ya dawa na vifaa ikipotea hesabu anatafutwa yeye, anajua kukaa na daftari la kuingiza na kutoa mpaka tofauti ionekane. Dada aliyekuwa anauza duka sokoni Kirumba hakuna ndugu wa mgonjwa mkali aliyemshinda kumtuliza. Kwa hiyo ukiingia usijifanye umezaliwa jana, toa ulichonacho.

Ukimaliza chuo bado hujaruhusiwa kugusa mgonjwa peke yako, unafanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, TNMC, ukifaulu unasajiliwa unapewa leseni, ndo unaanza kutafuta kazi. Na ajira haingoji mlangoni siku hizi. Wengi tunaanza kwa kujitolea, unapewa posho ya nauli tu au hata hiyo hupewi, kwa hiyo kwenye mpango wako wa hela usiishie mwaka wa tatu, weka na miezi ya baada. Mimi nilijitolea kwenye zahanati karibu na nyumbani hadi waliponiajiri, na nilivumilia kwa sababu ile akiba ya kikoba tuliigawa toka mwanzo na fungu moja likaachwa kwa ajili ya kipindi hicho.

Kwa wanaonitafuta wiki hii, kitoeni cheti cha form four mkiangalie leo. Kama Kemia na Fizikia zipo, tafuteni mwongozo wa udahili mlinganishe ada za vyuo vya karibu na nyumbani, maana kulala kwako kunapunguza gharama. Kama hazipo, usajili wa watahiniwa wa kujitegemea ni mwanzoni mwa mwaka, jiandikisheni mkiwa bado kazini, someni jioni, na barua ya kuacha kazi msiiandike mpaka muwe mmeshayaona matokeo na mmeshapata chuo. Na kama umeolewa au umeoa, yale mazungumzo ya mbele ya wazazi yafanyike kabla hujalipa hata hela ya fomu.